Grupu la kupeana vitu bure mtaani: mlinde anayetoa, wanaotaka hawaishi

Dada mmoja wa Tabata Segerea ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Habari kaka. Tulikuwa na grupu la WhatsApp la akina mama wa mtaani, lilianza kwa kupeana nguo za watoto bure, saivi limekuwa soko. Keki, dawa za kukata tumbo, michango ya sendofu, na juzi watu wametukanana kisa friji ambayo mtu alitoa bure. Nataka kuanzisha jipya, la kupeana vitu tu, mtaa mzima siyo akina mama peke yao. Nitumie WhatsApp au Facebook? Watu kumi wakitaka kitu kimoja nani apewe? Mume wangu hataki watu asiowajua waje getini kwetu. Na hili la zamani nilifanyeje?"

Pole dada yangu, alafu hongera, maana wengi wakifika hapo ulipofika wanaliacha grupu lijifie.

Nianze na hiyo friji. Wewe umeandika watu walitukanana, hujaandika aliyetoa friji alijisikiaje, na hapo ndo pa kuanzia. Ngoja nikisie: mtu alikuwa anahama au kanunua nyingine, akaona badala ya kumuuzia fundi kwa hela ya chumvi bora ampe jirani, akaposti picha. Ndani ya nusu saa ana meseji kibao, huyu anasema "mimi wa kwanza", yule anasema "mimi ndo nina shida zaidi", wa tatu anauliza kama ataletewa mpaka kwake, wa nne anataka kujua inakula umeme kiasi gani na kwa nini haina trei ya mayai. Akampa mmoja, waliobaki wakasema kampa shoga yake. Huyo mtu hatoi kitu tena, siku nyingine ataita wa vyuma chakavu wabebe yaishe. Na magrupu haya hayafi kwa kukosa watu wa kupokea dada, wanaopokea hawaishi mpaka kiama, yanakufa kwa sababu watu watano sita wanaotoa kweli kweli wamechoka wakanyamaza. Kwa hiyo kila sheria utakayoiweka iulize swali moja tu: inampunguzia anayetoa usumbufu au inamuongezea? Ikimuongezea itupe, hata kama inaonekana ya haki na ya huruma.

Watu watakushauri uandike kwenye maelezo ya grupu kwamba kutoa ni moyo. Andika, haidhuru. Ila moyo wenyewe unachoka ukipigiwa simu saa tano usiku kuulizwa "bado ipo?"

Hii kitu wenzetu wameanza nayo zamani kidogo na makosa yao yanafundisha. Grupu la Freecycle lilianza Mei 2003 huko Tucson, Arizona, bwana mmoja anaitwa Deron Beal alikuwa kwenye shirika dogo la urejelezaji, wakawa wanapata vitu vizuri wanazunguka kutafuta wa kuwapa, akaona huu ni upuuzi, akatuma barua pepe kwa marafiki na mashirika machache kwamba tuwe tunaambizana hapa. Likasambaa dunia nzima kupitia Yahoo Groups. Baadae Uingereza, mwaka 2009, magrupu mengi yakajitoa yakaunda ya kwao yanayoitwa Freegle, na ugomvi mkubwa ulikuwa kwamba watu wa kujitolea mitaani walichoka kuamuliwa mambo yao na makao makuu yaliyo ng'ambo ya bahari. Alafu 2013 wakaja Rebecca Rockefeller na Liesl Clark kule Bainbridge Island, jimbo la Washington, wakaanzisha Buy Nothing, wao wakasisitiza udogo, yani mtaa wako tu, mtu unayeweza kukutana naye dukani. Huu wa mwisho ndo ulio karibu na unachotaka wewe, nitaurudia huko mbele kwenye mambo ya mipaka maana walipata tabu hapo.

Sasa WhatsApp au Facebook. Facebook kwa kazi hii ina vifaa vizuri zaidi, usibishe, kuna maswali ya kujibu kabla ya kuingia, kuna kuidhinisha posti kabla haijaonekana, namba ya simu haionekani, na posti ya wiki iliyopita unaitafuta unaipata. Lakini dada wa Segerea anayefungua Facebook mara moja kwa wiki atakuta friji imeshaenda, na wengi wananunua bando la WhatsApp tu. Grupu zuri lisilo na watu siyo grupu. Kwa hiyo WhatsApp, ila ujue udhaifu wake mapema: kila aliyemo anaona namba ya kila mtu, na hapo ndo wadada wanaanza kupata "mambo mrembo nimekuona kwenye grupu". Iwe sheria ya kwanza kabisa kwenye maelezo: atakayemtafuta mtu inboksi kwa jambo lisilohusu kitu alichoposti anatolewa siku hiyo hiyo bila onyo. Hili halina onyo la kwanza wala la pili. Telegram inaficha namba na inabeba watu wengi kuliko WhatsApp, ambayo mwisho wake ni watu 1,024, lakini mtaani kwako ni wangapi wanaitumia kila siku? Jibu unalo.

Kwenye setingi washa ile ya admini kuidhinisha anayeingia, ili linki ikizagaa usiamke asubuhi ukakuta wageni mia wasiojulikana wametokea wapi. Linki ikisambazwa kwenye magrupu mengine ifute utengeneze mpya, inachukua sekunde chache. Anayeomba kuingia muulize vitu viwili inboksi, anakaa wapi na grupu kalijuaje, basi. Usiombe namba ya NIDA wala picha ya kitambulisho, huna kazi nayo, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 taarifa za watu siyo kitu cha kukusanya hovyo alafu hujui utakitunzaje. Hiyo hiyo iwe sababu ya kumtoa mtu atakayechota namba za wanagrupu akawaunganisha kwenye grupu lake la biashara, maana atakuwepo, yupo kila grupu.

Haya, kelele. Hapa nina mbinu moja inayofanya kazi kuliko zote na watu hawaitumii. Mtu akiposti kitu, anayekitaka haandiki chochote, anabonyeza posti anaweka emoji ya mkono ulionyooshwa. Basi. Mwenye kitu akija jioni anabonyeza pale kwenye emoji, anaona orodha ya walioweka, anachagua, anawatumia meseji aliowachagua tu. Kwenye grupu hakuna "mimi", "na mimi", "jamani nami nilikuwa naihitaji", inboksi ya mtoaji haijai meseji arobaini, na la muhimu kuliko yote hakuna aliyejianika kwa maneno. Unajua sisi kuomba hadharani kunatuuma. Mwalimu anayeishi mtaa huo huo na wazazi wa wanafunzi wake haandiki mbele ya watu mia tatu kwamba anaomba godoro, atanyamaza, na godoro litaenda kwa mwenye mdomo. Emoji kila mtu anaweka.

Na posti yenyewe iwe na mtindo mmoja, neno la kwanza kwa herufi kubwa: NATOA au NAHITAJI. Mfano: "NATOA: kitanda cha mtoto cha mbao, chaga moja imevunjika, Segerea karibu na mwisho wa daladala, kuchukua Jumamosi asubuhi." Picha moja au mbili, eneo kwa jumla siyo namba ya nyumba, hali ya kitu kwa ukweli, na lini kinachukuliwa. Kikishaenda mwenyewe anarudi kwenye posti yake anaandika IMEENDA. Voisi noti hapana, hata iwe fupi vipi, hakuna mtu atakayesikiliza dakika mbili kujua kama unatoa ndoo au meza.

Tuje kwenye nani apewe. Wengi wanakimbilia "aliyewahi ndo kapata" kwa sababu inaonekana haina upendeleo. Ina upendeleo mkubwa sana, inampendelea mwenye bando muda wote na waifai ya ofisini. Mama anayekaanga vitumbua alfajiri, dada wa kiwandani ambaye simu inabaki kwenye loka, bodaboda aliye barabarani, hao wanafungua WhatsApp usiku na kila kitu kimeshaenda, alafu wiki ya tatu utaona ni majina yale yale manne yanabeba. Sheria yangu ni kwamba kitu kikubwa kinakaa mpaka kesho yake jioni ndo mtoaji anachagua, kitu cha kuoza kama maembe au mkate au chakula kilichobaki kwenye shughuli hicho aliyewahi achukue haraka kiishe. Watu wa Buy Nothing nao wanahimiza hilo, kuacha posti itulie kwanza, na ni kweli inatuliza hata watu.

Anachaguaje? Anavyotaka yeye. Hapa ndo utapingwa sana na usilegeze. Kitu ni chake, akitaka achague kwa kupiga kura ya vikaratasi, akitaka ampe aliye karibu, akitaka ampe yule ambaye hajawahi kupata, na haelezi mtu sababu. Na kumuuliza "kwa nini yule" iwe kosa. Usiruhusu kabisa utaratibu wa watu kueleza shida zao ili wapewe, unaonekana wa huruma ila mwisho wake ni mashindano ya kulia, aliye na maneno mazuri anashinda, na mtoaji anageuzwa hakimu wa umaskini wa majirani zake, kazi ambayo hakuiomba. Wewe admini pia usichague kwa niaba ya mtu hata akikuomba, mwambie tu achague yeyote kwenye orodha, ukichagua wewe leo basi kesho friji nyingine ni kesi yako.

Kuna wanaotaka sheria ya "huwezi kupokea mpaka utoe". Siipendi. Aliyehamia chumba kimoja Kimanga jana na begi lake atatoa nini? Ila unaweza kuweka kikomo, mfano vitu vikubwa viwili kwa mwezi kwa kila nyumba, nguo na vyombo havihesabiwi. Na kumbuka kutoa siyo makochi tu. Mche wa mpapai, majani ya mgomba, kuazimisha ngazi, vigae vilivyobaki, rangi robo ndoo, vitabu vya darasa la nne. Kinyerezi huko wanavyojenga, vitu vinavyobaki saiti peke yake vinaweza kulisha grupu.

Wauzaji wa pembeni nao, yani anayepokea bure alafu anauza. Hili litakusumbua kichwa na watu watakutumia picha, "ona kabati nililompa liko mnadani". Msimamo wangu ukishatoa umetoa, hela haikuwa yako tena, na pengine kauza kabati akalipa ada, hujui. Lakini mtu ambaye kila posti ya redio, feni, na pasi anaweka mkono na hajawahi kuweka mkono kwenye nguo wala sufuria, huyo ni fundi au mchuuzi, muite pembeni umwambie wazi: vibovu kwa ajili ya spea chukua, vizima waachie majirani. Wengi wanaelewa, na kusema kweli fundi ndani ya grupu ni mtu wa faida, hizo TV za chogo ambazo hakuna anayezitaka nani mwingine atazibeba?

Kutokutokea sasa. Hichi ndo kinaua kuliko utapeli, kuliko matusi. "Nakuja", "niko njiani", "boda anakaribia", mtoaji kakaa nyumbani Jumamosi nzima kaghairi safari ya Kariakoo, hakuna mtu. Weka hivi: muda unakubaliwa inboksi kwa saa siyo kwa "jioni", ukipita bila taarifa mtoaji anaruka kwa wa pili bila kuomba radhi kwa mtu, na asiyetokea mara mbili anakaa mwezi mzima bila kuweka mkono. Mtoaji tangu mwanzo achague wawili, wa kwanza na wa akiba, na yule wa akiba aambiwe kwamba yeye ni wa akiba. Na hela ya boda au ya kirikuu analipa anayechukua, hapo hapo, akiwa anaona mzigo. Asiwepo mtu wa kutuma chochote kwanza, siyo "tuma ya boda nikutumie", siyo "tuma ya kutolea", mtu akiomba hela kabla ya kitu kuonekana huyo siyo jirani ni tapeli na anatolewa. Iandike kwa herufi kubwa, ibandike juu ya grupu, WhatsApp inakubali meseji ikae juu mpaka siku 30 alafu unaibandika tena.

Kuhusu shemeji na geti lenu, yuko sahihi na usimuone mkali. Hakuna ulazima wowote wa mtu kuja nyumbani. Vitu vya mkononi vipokelewe sehemu yenye watu mchana, kwenye kituo cha daladala, sheli, au viachwe kwa Mangi na jina la mchukuaji, ongea na Mangi kwanza na mumnunulie hata soda maana mtamjazia duka. Vikubwa kama kabati vitolewe nje ya geti kabla mchukuaji hajafika, asiingie ndani kubeba, na msiwe na mtu mmoja tu nyumbani. Nyumba ya dada wa kazi na watoto peke yao hakuna makabidhiano siku hiyo. Posti isioneshe nyuma ya picha mna TV kubwa kiasi gani, piga picha kitu kikiwa ukutani au uani, na usiandike "tunasafiri kesho kwa hiyo kiondoke leo", hiyo umewatangazia watu wote mia tatu kwamba nyumba itakuwa tupu.

Alafu hakikisheni anayetoa ni mwenye mali. Inachekesha ila inatokea, mke katoa spika, mume karudi kazini anauliza spika iko wapi, au kijana wa kazi anatoa baiskeli ambayo bosi wake hajui kama imetolewa. Kwa vitu vya thamani admini apige simu moja kuuliza. Simu za mkononi hasa, mali ya wizi haichagui aliyenayo alinunua au alipewa, polisi wanaanza na aliyekutwa nayo. Kwa simu inayotolewa sheria iwe mwenyewe atoe laini, atoe akaunti yake ya Google kwenye setingi kabla ya kufuta kila kitu, maana akifuta bila kutoa akaunti simu inaweza kumuomba aliyepokea nenosiri la mwenye nayo wa zamani na ikawa tofali tu, na makabidhiano yafanyike ana kwa ana.

Vitu visivyoruhusiwa, hapa kwa ufupi maana havina mjadala. Dawa za hospitali za aina yoyote, hata Panadol, hata zimebaki za mtoto na bado hazijaisha muda. Vipodozi vilivyofunguliwa. Maziwa ya kopo ya watoto kama yamefunguliwa au tarehe imepita. Nguo za ndani zilizotumika, TBS wenyewe wamezipiga marufuku kwenye mitumba, grupu lisiwe chini ya mitumba. Pombe. Wanyama wa kufugwa nina shaka nao, paka ruhusu ukitaka, mbwa mkali hapana. Magodoro ruhusu ila mtoaji aseme kama nyumba ina kunguni au imewahi kuwa nao, na anayechukua aanike juani kabla hajaingiza ndani. Mitungi ya gesi mitupu sawa, regulata na mipira iliyozeeka hapana, mtu anunue mpya. Kitu kibovu kiandikwe kibovu, grupu siyo dampo, na ukiona mtu mmoja anatoa takataka kila wiki mwambie gari la taka linapita siku gani.

Na picha za kukabidhi marufuku. Nasema hili kwa ukali kidogo. Hii tabia ya mtu kutoa mfuko wa unga alafu mpokeaji asimamishwe apigwe picha kashika mfuko, ibaki huko huko kwa wanasiasa. Mpokeaji akitaka mwenyewe kushukuru aandike asante, hata jina la mtoaji si lazima.

Biashara, michango na siasa. Biashara ni rahisi, haipo, na "bei ya kutupa" ni bei. Michango ndo ngumu kwa sababu sisi ni watu wa kuzikana, jirani akifiwa utamwambia asiposti? Mwambie kwa heshima apeleke kwenye grupu la mtaa au kwa mjumbe, na wewe mwenyewe umpigie pole, ila kwenye grupu la vitu hapana hata kwa msiba, kwa sababu ukiruhusu msiba leo kesho ni send-off na kesho kutwa ni kibubu cha vikoba, na umeshaona mwisho wake. Siasa hivyo hivyo. Mjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba grupu lipo, ni adabu na siku ya tatizo atakusaidia, lakini usimpe uadmini, wala balozi, wala mchungaji wala shehe, maana ikifika kipindi kama kile cha uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 2024 utakuta kanga na fulana zinatolewa bure na huwezi kumtoa aliyeziposti. Habari za kusambaza pia, "tahadhari kuna gari jeupe linaiba watoto", zifute tu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo na hamna sababu ya kuhangaika nacho kwa ajili ya ndoo na sufuria. Admini anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote kwa wote, tumia uwezo huo haraka na bila hotuba.

Maadmini wawe watatu, wasiwe mtu na shemeji yake, wasiwe wote mashoga zako, na angalau mmoja awe mwanaume kama unataka mtaa mzima uingie. Mmoja awe wa kuamka mapema. Wawe na grupu lao dogo la kuamulia, na wasibishane mbele ya watu hata siku moja. Onyo linatolewa inboksi, fupi, bila maneno ya kuumiza: "Habari dada, posti yako ya keki nimeifuta, huku ni vitu vya bure tu kama tulivyoandika juu. Karibu sana uendelee nasi." Hiyo inatosha. Ukimuonya mtu hadharani unapata maadui wawili, yeye na rafiki yake atakayemtetea. Akirudia mara ya tatu mtoe, akiomba kurudi baada ya mwezi mrudishe, watu wazima wanabadilika.

Swali la ukubwa hujaniuliza ila litakufikia. Buy Nothing walikuwa na utaratibu grupu likikua linagawanywa vipande kwa mipaka ya mtaa, ikaja kulalamikiwa sana kwa sababu kwenye miji mingine mstari ulipita katikati ya wenye nacho na wasio nacho, upande mmoja ukabaki na makochi upande mwingine ukabaki na mikono ya kuomba, na waliishia kulegeza. Kwako fikiria ukigawa nyumba za mageti za Kinyerezi ziwe peke yake na vyumba vya kupanga vya Kimanga peke yake. Nani atampa nani? Bora grupu moja la watu mia kadhaa linalopakana na barabara ambayo mtu anaweza kwenda kwa mguu au kwa boda ya bei ndogo, mpaka likijaa, na likigawanyika kila kipande kiwe na mchanganyiko.

Kuanza sasa. Usianze na watu mia tano. Anza na watu thelathini, na uwachague kwa kigezo kimoja, wana vitu ndani ambavyo hawavitumii na hawana roho ya kuviuza. Waambie kabla ya kufungua kila mmoja aandae vitu viwili, na wiki ya kwanza kila siku iwe na posti mbili tatu za NATOA, wakija wapya wakute grupu linatoa siyo linaomba, kwa sababu watu wanaiga wanachokikuta. NAHITAJI zifungulie wiki ya tatu, na ziwe za vitu tu, hela hapana, vocha hapana. Kama unaweza subiri Desemba mwishoni, shule zinafunguliwa Januari na kila nyumba ina sare iliyombana mtoto, viatu vyeusi na madaftari yenye kurasa tupu, hicho kipindi grupu linajiendesha lenyewe. Mwisho wa mwezi nao ni mzuri, ndo watu wanahama.

Hili la zamani usilifufue na usilifute. Ukianza kuwakataza keki leo watasema dada kapata cheo, na wana haki, wamezoea. Liache liwe soko, kabidhi uadmini kwa yule muuza keki, atalitunza vizuri kuliko wewe kwa sababu ana faida nalo, alafu chukua kimya kimya wale wachache ambao tangu mwanzo walikuwa wanatoa, uwapigie simu mmoja mmoja, siyo linki. Na wa kwanza kumpigia awe yule aliyetoa friji.